Maswali ya Wasomaji: Moyo, Usingizi na Kutotulia kwa Watu Wazima Wenye TDAH

Tangu safu hii ilipozungumzia watoto wenye upungufu wa umakini na kutotulia, hali ambayo madaktari wetu huiandika kwa herufi TDAH, wasomaji wa Goma wamekuwa wakiuliza habari za watu wazima, na karibu kila aliyeandika alianza na mwili kabla ya kufika kwenye akili: moyo unaokwenda mbio, viganja vinavyotoka jasho, usingizi usiokuja. Wameanza mahali panapofaa. Barua nilizozichagua zinahusu mfumo wa neva unaojiendesha, yaani ule unaoongoza moyo, pumzi, utumbo, jasho na mboni za macho bila sisi kuuamuru.

Daktari, salamu. Nina umri wa miaka 34 na ninatunza hesabu katika bohari ya bidhaa huku Birere. Nilipokuwa masomoni nje ya nchi, daktari wa magonjwa ya akili alinichunguza akasema nina TDAH. Jambo moja linanishinda. Asubuhi nikikaa mbele ya daftari la hesabu, hata kama nimelala vizuri, macho yanafumba yenyewe. Lakini mteja akianza ugomvi mlangoni, au mkubwa wangu akisema anataka hesabu jioni hiyo hiyo, mwili mzima unaamka na ninamaliza kazi iliyolala siku kadhaa. Ikiwa ugonjwa wangu ni wa kutotulia, mbona mwili wangu unasinzia? Mke wangu anaamini kwamba sipendi kazi tu. (Msomaji wa Birere)

Ndugu yangu, mwili wako haukudanganyi, na ningependa mkeo asome jibu hili pamoja nawe. Watu wengi wakisikia TDAH hudhani kwamba mwenye hali hiyo amesisimka kupita kiasi mchana kutwa. Vipimo vya mwili haviungi mkono dhana hiyo.

Mfumo wa neva unaojiendesha, ulioitwa hivyo na mwanafiziolojia Mwingereza John Newport Langley mwaka 1898, una matawi mawili yanayotuhusu hapa. Tawi la simpathetiki hutoka katika uti wa mgongo, usawa wa kifua na kiuno. Ndilo linaloharakisha moyo, linalopanua mboni za macho, linalotoa jasho viganjani na kuuweka mwili tayari kwa kazi au kwa hatari. Tawi la parasimpathetiki hutoka katika shina la ubongo na katika sehemu ya chini ya uti wa mgongo, na neva yake kubwa kuliko zote, vagasi, hushuka kupitia shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Matawi haya mawili hufanya kazi kwa wakati mmoja, moja likivuta na jingine likizuia. Moyo usioguswa na neva yoyote ungepiga karibu mara 100 kwa dakika. Ukiwa umekaa kitini na moyo wako unapiga mara 70, ujue kwamba vagasi inauzuia saa hiyo hiyo.

Watafiti hupima hali ya matawi hayo kwa kuangalia mapigo ya moyo, ukubwa wa mboni ya jicho, na urahisi wa ngozi ya kiganja kupitisha umeme, ambao huongezeka kadiri simpathetiki inavyoziamsha tezi za jasho. Mapitio ya tafiti za aina hiyo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba, pale ilipoonekana tofauti kati ya watu wenye TDAH na watu wengine, mara nyingi zaidi ilikuwa tofauti ya msisimko mdogo kuliko kawaida, hasa mtu alipokuwa amepumzika au alipopewa kazi ndefu inayomtaka adumishe umakini. Nyingi kati ya tafiti hizo zilifanywa kwa watoto, na nyingine hazikuona tofauti yoyote, kwa hiyo haifai kulifanya jambo hili kuwa sheria ya kila mwenye TDAH. Hata hivyo, linafanana sana na habari unayonisimulia.

Sababu yake tunaijua kwa sehemu. Katika shina la ubongo kuna kijisehemu kidogo chenye rangi ya samawati ambacho hutengeneza noradrenalini na kuisambaza karibu katika ubongo wote. Kemikali hiyo ikitoka kidogo mno, mtu husinzia. Ikitoka kwa kadiri, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga kazi na kuzuia vishawishi, hufanya kazi yake vizuri. Ikizidi, mawazo hutawanyika na kila sauti humgeuza mtu kichwa. Robert Yerkes na John Dodson walikwisha kuona mwaka 1908, katika majaribio yao ya panya, kwamba kazi ngumu hufunzwa vizuri zaidi kwa msukumo wa kadiri kuliko kwa msukumo dhaifu au mkali mno. Na kwa kuwa noradrenalini hiyo hiyo ndiyo ambayo neva za simpathetiki huitumia kuuagiza moyo na mishipa ya damu, kusinzia kwa ubongo na kulegea kwa mwili huja pamoja, kama vile kuamka kwao kunavyokuja pamoja.

Kwa mwenye TDAH, msisimko huo ni kama makala katika mbabula isiyokubali moto wa kadiri: isipopepewa inafifia chini ya majivu, ikipepewa inalipuka. Ugomvi wa mteja na amri ya mkubwa wako ndivyo vinavyoipepea. Kupenda au kutopenda kazi hakuingii hapa, maana mtu asiyependa kazi haimalizi kwa furaha jioni inapomkaribia. Wataalamu kadhaa wanaona pia kwamba kutikisa mguu, kuchezea kalamu na kusimama kila mara ni njia ya mwili kujiamsha ili uweze kuendelea kusikiliza. Kwa watu wazima kutotulia huko mara nyingi huhamia ndani, ambako hakuna anayekuona ila wewe mwenyewe unakusikia.

Unaweza kuyatumia maelezo haya kazini. Gawa hesabu za siku katika vipande vifupi, na umwombe mkubwa wako, au mwenzako wa ofisini, akague kila kipande kabla hujaanza kingine, ili ile hamasa ya jioni iletwe asubuhi kwa vipimo vidogo. Fanya kazi umesimama inapowezekana. Tembea kwa miguu dakika kumi au ishirini kabla ya kukaa, kwa kuwa mwendo huamsha simpathetiki bila kuiudhi. Usifanye hofu ya dakika za mwisho kuwa dawa yako ya kila siku, maana inakuachia moyo unaodunda hadi usiku, na kesho yake unaanza ukiwa umechoka zaidi. Jambo la mwisho kwako: ukiwa unakoroma kwa nguvu, au mkeo amewahi kukuona pumzi ikikatika usingizini, kusinzia kwako kunaweza kuwa na sababu nyingine kabisa, na daktari achunguze hilo kwanza, pamoja na wingi wa damu.

Daktari, nilikuwa na miaka 9 lava iliposhuka mjini Januari 2002, tukakimbilia Gisenyi na nguo tulizovaa. Baadaye nimekimbia tena mara ambazo sipendi kuzikumbuka. Mlango ukigongwa, moyo unaruka. Siwezi kusoma ukurasa hadi mwisho, ninasahau chungu motoni, watoto wakinena wawili kwa pamoja ninapiga kelele. Mdogo wangu aliyesoma saikolojia anasema nina TDAH. Mimi ninaona ni hofu tu. Nani yuko sahihi? (Dada wa Murara)

Dada yangu, swali lako ni gumu kuliko yote niliyopokea, na mtu anayelijibu kwa haraka katika mji huu anakosea. Mwili uliopita katika hatari kubwa unaweza kubaki ukilinda muda mrefu baada ya hatari kwisha. Sehemu za ubongo zinazotambua tishio huipigia simpathetiki kengele kwa ishara ndogo, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huruka, na umakini wote huvutwa kuelekea mlangoni. Mtu wa namna hiyo hawezi kusoma ukurasa mmoja, kwa sababu akili yake imeshikwa na kazi ya kulinda. Ukimtazama kwa nje tu, utasema ana TDAH.

Tofauti huonekana ukiuliza mambo mawili. La kwanza ni mahali umakini unapokwenda unapotoroka. Kwa mwenye TDAH huenda popote: kwenye wazo la biashara, kwenye wimbo wa jirani, kwenye ndege aliyetua dirishani, na mara nyingi mwili wake ukiwa umelegea kama nilivyomweleza ndugu wa Birere. Kwa aliyejeruhiwa na hofu huenda kwenye hatari, ya kweli au inayofanana nayo, na mwili hukaza. Huyo wa pili huota ndoto mbaya zinazorudi, huepuka njia au sauti fulani, na hupatwa na picha za siku ile bila kuziita. Hukuniandikia habari za ndoto, na ningependa kuzijua.

Jambo la pili ni wakati. Vigezo vinavyotumiwa tangu mwaka 2013 na madaktari wa akili wa Marekani, na wengine wengi, vinataka dalili kadhaa za TDAH ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na kwa mtu wa miaka 17 na kuendelea zisipungue 5 katika kundi la upungufu wa umakini au katika kundi la kutotulia. Kwa watu wengi duniani kigezo cha umri hutosha kutenganisha mambo haya. Kwako hakitoshi, kwa sababu hofu ilikupata ukiwa na miaka 9. Inabidi turudi nyuma ya Januari 2002. Muulize mama yako, au shangazi aliyewalea, ulikuwaje ulipoanza shule: ulikuwa ukipoteza kalamu kila wiki, ukisahau ulichotumwa dukani kabla ya kufika, ukikatiza maneno ya wakubwa? Ikiwa buletini yako ya mwaka wa kwanza au wa pili wa shule ya msingi ilisalimika, tazama alama za bidii na za mwenendo na yale aliyoyaandika mwalimu. Ninajua kwamba buletini nyingi ziliungua pamoja na nyumba. Basi kumbukumbu za ndugu wakubwa zitachukua nafasi yake.

Inawezekana kabisa kwamba wewe na mdogo wako nyote mko sahihi. Imeonekana katika nchi mbalimbali kwamba mwenye TDAH akipatwa na tukio la kutisha huelekea zaidi kubaki na majeraha ya hofu kuliko mtu mwingine, kwa hiyo kuwa na moja hakuondoi jingine. Zikikutana zote mbili, maoni yangu ni kwamba hofu ishughulikiwe kwanza au angalau pamoja, kwa mazungumzo ya tiba na mtaalamu aliyefunzwa, kwa sababu dawa za kuamsha zikitolewa peke yake kwa mwili ambao tayari unalinda zinaweza kuzidisha mapigo ya moyo na wasiwasi. Hapa Goma, kituo cha Tulizo Letu kinashughulika na magonjwa ya akili na ya neva. Nenda huko pamoja na mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Omba pia upimwe tezi ya shingoni, maana tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi huleta moyo wa mbio, mikono ya kutetemeka na akili isiyotua, na hutibika kwa njia nyingine.

Kuhusu watoto wanaposema wawili kwa pamoja: waambie, siku ambayo hujakasirika, kwamba masikio yako yanachukua mmoja mmoja. Watoto huelewa jambo hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Daktari, nina saa ya mkononi inayoonyesha mapigo ya moyo na jinsi yanavyobadilika. Je, inaweza kunionyesha kama nina TDAH? (Kijana wa Himbi)

Hapana. Moyo wenye afya haupigi kwa nafasi zilizo sawasawa: unapovuta pumzi huharakisha kidogo, unapoitoa hupunguza, na kazi hiyo ni ya vagasi. Saa yako inajaribu kupima mabadiliko hayo. Lakini yanaathiriwa na umri, homa, kahawa, pombe, usiku wa kukesha na hata namna ulivyokaa, na tafiti za watu waliopumzika, zilipounganishwa, hazikutoa tofauti ya kutegemewa kati ya wenye TDAH na wasio nayo. Hakuna kipimo cha damu, cha moyo wala picha ya ubongo inayothibitisha TDAH. Huthibitishwa kwa historia ya mtu iliyosikilizwa kwa makini. Itumie saa yako kujifunza ni shughuli gani zinazokutuliza, na hapo itakuwa imekusaidia.

Daktari, mume wangu ana miaka 41. Kaka yake aliyeko Ubelgiji humtumia vidonge vya methilifenideti, kwa sababu yeye mwenyewe aliandikiwa huko akaona vinamfaa. Tangu aanze, anakaa mezani hadi mazungumzo yaishe, jambo ambalo hatukulizoea. Lakini usiku nikimwekea mkono kifuani ninasikia moyo unakwenda kasi. Asubuhi hunywa kahawa vikombe vitatu, na kazini huongeza vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Nimzuie? (Mama wa Katindo)

Mama, usimnyang'anye vidonge, lakini umpeleke kwa daktari wiki hii, na safari ya kwanza iwe ya kupima shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Methilifenideti ni dawa nzuri, na watu wazima wengi wenye TDAH wamepata maisha yaliyotulia kwa sababu yake. Huzuia dopamini na noradrenalini zisirudishwe haraka ndani ya neva zilizozitoa, hivyo sehemu ya mbele ya ubongo hupata kiasi inachokihitaji, na mtu anayeonekana hatulii hutulia kwa dawa ya kuamsha. Lakini noradrenalini haiishii ubongoni. Mkemia Leandro Panizzon aliitengeneza dawa hiyo mwaka 1944 katika kampuni ya Ciba huko Basel, Uswisi, na inasimuliwa kwamba mkewe Rita, ambaye shinikizo lake la damu lilikuwa la chini, alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi; jina la Ritalin lilitokana naye. Kwa maneno mengine, nguvu yake juu ya moyo na mishipa si habari mpya.

Kwa wastani, dawa za kundi hili huongeza mapigo 5 hivi kwa dakika na milimita 2 hadi 4 katika namba ya juu ya shinikizo la damu. Kwa mtu mwenye afya ongezeko hilo si kubwa. Wastani lakini huwaficha wachache ambao kwao ongezeko ni kubwa zaidi, na mtu wa miaka 41 anaweza kuwa na shinikizo la juu la damu kwa muda mrefu asilijue. Ndiyo sababu utaratibu unaofuatwa Uingereza, ambao ninauona kuwa wa busara hata kwetu, ni kupima shinikizo na mapigo kabla ya kuanza dawa, kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa, na baadaye kila miezi 6. Daktari atauliza pia kama mumeo amewahi kuzimia akifanya kazi ngumu, kama ana maumivu ya kifua, na kama kuna mzazi, ndugu au mtoto wake aliyekufa ghafla kwa moyo kabla ya miaka 40. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, moyo upimwe kwa mashine ya umeme kabla hajaendelea.

Kahawa ndiyo ningeanza nayo nyumbani. Kahawa yetu ya Kivu ni tamu, nami siwezi kumkataza mtu asiionje, lakini vikombe vitatu, pamoja na kopo lenye kafeini, pamoja na methilifenideti, vyote vinasukuma upande mmoja. Aache kopo kabisa na abaki na kikombe kimoja cha asubuhi, kisha uweke tena mkono kifuani baada ya wiki. Muulize vilevile anameza kidonge saa ngapi, kwa kuwa kikimezwa alasiri huweza kuufuata usiku.

Kuhusu bahasha za kutoka Ubelgiji, nitasema waziwazi: ziishe. Kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya kaka kilichaguliwa kwa mwili wa kaka. Tena methilifenideti imo katika orodha ya pili ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuisafirisha bila cheti chenye jina la mtumiaji kunaweza kuwaletea wote wawili shida mpakani. Ninajua pia kwamba kuipata hapa kwa njia halali ni kazi. Shirika la Afya Duniani liliombwa liiweke katika orodha ya dawa za lazima, likakataa mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na uamuzi wa namna hiyo hufanya dawa kuwa adimu katika nchi kama yetu. Ninasikitika kwa hilo, kwa sababu mtu mzima mwenye TDAH asiyetibiwa yuko katika hatari zaidi ya ajali barabarani, na barabara zetu hazimsamehe aliyezubaa.

Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na niligunduliwa TDAH mwaka jana. Nikisimama ghafla baada ya kusahihisha madaftari, macho yanaingia giza na moyo unakwenda mbio. Je, hiyo nayo ni sehemu ya TDAH? (Mwalimu wa Ndosho)

Mwalimu, kabla ya kuilaumu TDAH tuondoe mambo yaliyo karibu zaidi. Mtu akisimama, damu nyingi hushuka miguuni, na simpathetiki hulazimika kuibana mishipa na kuharakisha moyo ndani ya sekunde chache ili ubongo usikose damu. Ikiwa damu yenyewe ni pungufu, kwa sababu ya malaria, minyoo, hedhi nzito au ujauzito, au ikiwa maji mwilini ni machache kwa kuharisha au kwa kutokunywa, kazi hiyo hushindikana. Mwenye TDAH huingia hapa kwa mlango wa pembeni: akizama katika kazi husahau kula na kunywa, na wengi wao huchelewa kuzisikia ishara za njaa na kiu.

Fanya kipimo hiki katika zahanati. Lala chali dakika 5, upimwe shinikizo na mapigo. Simama, upimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ya shinikizo ikishuka milimita 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, hilo ni tatizo linalohitaji kutafutiwa sababu. Ikiwa shinikizo halishuki lakini mapigo yanapanda kwa 30 au zaidi ndani ya dakika 10 za kusimama, na hali hiyo inaendelea kwa miezi, ipo hitilafu ya mfumo unaojiendesha ambayo hukutwa zaidi kwa wanawake vijana, na wakati mwingine kwa watu wenye viungo vinavyopinda kupita kawaida. Viungo vya namna hiyo vimeonekana mara nyingi zaidi kwa wenye TDAH kuliko kwa watu wengine. Wakati unasubiri, weka chupa ya maji juu ya madaftari ili usiweze kufungua hata moja bila kuigusa, kula asubuhi, na kabla ya kusimama kaza misuli ya miguu mara kadhaa.

Daktari, ninasoma chuo kikuu na nina TDAH. Usingizi haunijii kabla ya saa nane usiku, hata niwe nimechoka namna gani, na masomo yanaanza saa mbili asubuhi. Baba anasema ni simu. Ni simu? (Mwanafunzi wa Kyeshero)

Mdogo wangu, baba yako ana sehemu ya ukweli. Kwa watu wengi wazima wenye TDAH saa ya ndani ya mwili imechelewa: melatonini, homoni inayotangaza usiku, ilipopimwa kwa wale ambao usingizi unawachelewa, ilianza kupanda karibu saa moja na nusu baadaye kuliko kwa watu wengine. Kabla ya kupanda huko, vagasi haijachukua nafasi yake, moyo haujapunguza mwendo, na joto la mwili halijashuka, kwa hiyo kulala kitandani mapema na kujilazimisha kunakufundisha kukichukia kitanda tu. Mwanga wa simu huichelewesha saa hiyo zaidi, na habari zilizomo huiamsha simpathetiki. Hapo baba ana haki.

Saa ya mwili husogezwa kutoka upande wa asubuhi. Goma iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu huchomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, zawadi ambayo wanafunzi wa Ulaya hawana wakati wa baridi. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, na utoke nje kwenye mwanga nusu saa nzima. Usinywe kahawa baada ya saa sita mchana. Jioni, saa tatu ikifika, simu ikae chumba kingine. Ukiwa kitandani, vuta pumzi kwa sekunde 4 na uitoe kwa sekunde 6, yaani pumzi 6 kwa dakika, kwa muda wa dakika 10. Utoaji mrefu wa pumzi huipa vagasi nafasi ya kuuzuia moyo, na unaweza kuusikia ukipungua chini ya kidole ukishika mkono penye mapigo. Sogeza saa ya kulala nyuma kwa robo saa kila baada ya siku chache, usiruke kutoka saa nane hadi saa nne kwa usiku mmoja.

Andika katika daftari saa uliyolala na saa uliyoamka kwa wiki tatu au nne. Ikiwa baada ya hapo hakuna kilichosogea, mpelekee daktari daftari hilo, kwa sababu melatonini ya vidonge ipo, lakini saa ya kuimeza inahesabiwa kutokana na daftari kama hilo, na ikimezwa saa isiyofaa huweza kuisogeza saa ya mwili upande usioutaka.